Kiti cha mtoto cha babu kinachogeuka kigari: kitumike au kifungiwe ndani?

#1 Mjukuu wa Machame (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo yenu, hasa mafundi seremala na kina mama mliolea, kuhusu kiti kimoja cha mtoto kilichozua mjadala mkubwa katika ukoo wetu. Uzi ni mrefu, nivumilieni.

Ni kiti cha kulishia, kile kirefu kinachomfikisha mtoto usawa wa meza ya wakubwa. Ila hiki kinageuka. Nyuma ya egemeo kuna komeo la chuma. Ukilivuta, miguu inajikunja kwenye bawaba zake, kiti kizima kinashuka hadi karibu na sakafu, na magurudumu manne ya mbao yanagusa chini. Hapo kimekuwa kigari, mtoto anasukumwa uani. Kile kibao cha mbele ambacho kiti kikiwa juu kinabeba bakuli la uji, kikiwa chini kinakuwa meza yake ya kuchezea. Kitu kimoja, kazi tatu, na hakuna kipande kinachochomolewa kikapotea.

Aliyekitengeneza ni babu mzaa baba. Alikuwa seremala, na mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati kahawa inalipa vizuri huku Kilimanjaro, aliitwa kutengeneza madirisha kwa mzungu mmoja mwenye shamba. Huko ndiko alikoona kiti cha namna hii. Viti hivi vilitengenezwa kwa wingi Uingereza na Marekani kuanzia nusu ya pili ya karne ya 19 hadi miaka ya mwanzo ya karne ya 20, vingi vikiwa na magurudumu ya chuma cha kumimina na vikalio vya henzirani ya kusuka. Babu hakupewa mchoro wala vipimo. Alikitazama kikifunguliwa na kufungwa, akarudi nyumbani akatengeneza chake kwa mbao ya mringaringa uliokuwa kihambani kwetu, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, magurudumu akayakereza kwa mti wa loliondo kwa sababu chuma cha kumimina asingekipata. Kikalio hakukisuka, aliweka ubao mmoja akauchimba kidogo katikati ili mtoto asiteleze mbele.

Mimi naona pale babu hakunakili tu. Chuma kimekuwa loliondo, henzirani imekuwa mringaringa, na egemeo ameliinua kuliko yale ninayoyaona kwenye picha za viti vya kizungu, nadhani kwa sababu mtoto wa kwetu alikuwa akikaa humo wakati mama yuko kwenye migomba na hakuna wa kumshika mgongo.

Baba yangu alikalia kiti hiki, na ndugu zake wote. Kikaenda Marangu kwa shangazi mkubwa alipojifungua. Kikashuka Dar kwa shangazi mwingine, kikakaa huko miaka, hewa ya bahari ikala bawaba, kikarudi kimepakwa rangi ya kijani juu ya rangi ya maziwa iliyokuwepo. Tukakalia sisi. Wakakalia wanetu. Kwa sasa kiko Machame, chumba cha nyuma, juu ya magunia.

Mambo yaliyotufikisha hapa ni mawili.

Kwanza, binti wa baba mkubwa anayeishi Sakina, Arusha, amejifungua na anakiomba. Baba mdogo, ambaye ndiye kitinda mimba na nyumba ya wazee iko mikononi mwake kwa mila yetu, anasema kiti ni sehemu ya nyumba, hakitoki tena, kimeshachoka, kiwekwe sebuleni kama ukumbusho wa mzee. Kuna na ndugu mwingine aliyeleta habari ya mnunuzi wa vitu vya kale anayevipeleka kwenye mahoteli ya kitalii.

Pili, kiti kweli kimechoka. Miguu inacheza, komeo limelika, rangi inabanduka vipande vipande.

Msimamo wangu nausema mapema ili mnijue. Naamini kiti cha mtoto kinarithiwa na mtoto anayezaliwa, si na mtu mzima mwenye nyumba. Nyumba na kihamba vina utaratibu wake na nauheshimu. Kiti hiki kimekuwa kikimfuata mchanga popote alipo tangu babu yuko hai, naye babu hakuwahi kumwambia mtu akirudishe. Ila sitaki mtoto aumie kwa ajili ya mapenzi yangu kwa babu. Kwa hiyo naomba wenye ujuzi mnisaidie: kinarekebishika kiasi cha kukaliwa tena na mtoto wa miezi sita au saba? Na kama kinarekebishika, nianzie wapi?

#2 Mkazi wa Kibosho

Nakaa hapa nifuatilie. Kwetu kulikuwa na kitanda cha kubembea cha aina hiyo hiyo ya kurithishana, wakubwa wakagombana nani akae nacho, mwisho kikaachwa nje masika nzima mchwa wakakimaliza. Fanyeni haraka mkuu.

#3 Seremala wa Pasua

Mjukuu, nimesoma yote. Mimi ni mzee sasa, nimerithisha vijana benchi langu, lakini mringaringa nimeukata na kuuranda miaka mingi na ninaweza kukwambia machache.

Babu yako alichagua vizuri. Mringaringa haubishani na randa, unang'aa ukipigwa msasa, na si mzito, kwa hiyo mama anaweza kukibeba kiti kwa mkono mmoja na mtoto mkono mwingine. Wazee waliuchongea mizinga ya nyuki na vinu, na kihambani ulipandwa kutia kivuli kahawa na migomba, hivyo mbao ilikuwa inakua mlangoni. Na loliondo kwa magurudumu ni akili kubwa, mti ule ni mgumu na hauliki upesi.

Sasa miguu kucheza. Usikimbilie misumari. Nimeona fenicha nyingi nzuri za wazee zikiuawa na msumari wa inchi tatu. Kiungo cha ulimi na tundu, yaani ncha ya mbao moja inayoingia kwenye shimo la nyingine, kikilegea, msumari hauukazi ulimi. Unaupasua, na baada ya mwaka unabaki na kiungo kilicholegea chenye ufa. Uliza kwanza kilifungwa kwa gundi gani. Enzi za babu yako gundi ilikuwa ya wanyama, ya ngozi na kwato, inachemshwa kwenye kopo ndani ya maji ya moto. Uzuri wake ni kwamba inafunguka. Unaweka kitambaa kilicholowekwa maji ya moto kwenye kiungo, au mvuke, unasubiri, inalainika, unakivuta kiungo taratibu bila kuvunja kitu. Unasafisha, ulimi ukiwa mwembamba unaubandikia kipande chembamba cha mringaringa kila upande, unaupunguza hadi uingie kwa kubanwa na mkono, halafu unagundisha upya. Jaribu sehemu isiyoonekana. Kama kuna aliyewahi kumwagia gundi ya kisasa ya plastiki hapo, kazi itakuwa ngumu zaidi, lakini inawezekana.

Fanya kazi hii wakati wa kiangazi. Masika mbao inanyonya maji na kuvimba, utadhani kiungo kimekaza kumbe kimevimba tu, Januari kinaachia tena. Kiti chako kimekaa Machame kwenye ubaridi na mvua, kikaenda Dar, kikarudi. Kila safari mbao ilikuwa inapanuka na kusinyaa. Mimi nashangaa viungo vimefika hapo vilipofika.

Bawaba na komeo hatutengenezi, tunabadilisha. Hapo sina mjadala na wewe. Ukumbusho wa babu upo kwenye mbao. Chuma kilicholiwa na kutu kinabeba uzito wa mtoto na kinaweza kuachia bila kukuonya.

#4 Mjukuu wa Machame

Shikamoo mzee wangu. Nakushukuru sana, sikutegemea kupata maelezo ya kina namna hii. Nitachunguza gundi wikiendi hii nikipanda Machame. Kuhusu misumari, ipo miwili kwenye mguu wa nyuma kulia, na ufa upo kama ulivyosema.

#5 Muuguzi wa Watoto

Kabla hujapanda na msasa, tafadhali soma hapa.

Umesema rangi ya maziwa, juu yake kijani, na inabanduka. Rangi za zamani za mafuta, zile za kung'aa, nyingi zilikuwa na madini ya risasi ndani yake. Marekani walipiga marufuku rangi za majumbani zenye risasi mwaka 1978, ujue kabla ya hapo ilikuwa kawaida, na sehemu nyingi za dunia iliendelea miaka mingi baadaye. Mtoto wa miezi saba anatafuna kila kinachofika mdomoni, na ukingo wa kibao cha mbele ndio unaofika wa kwanza. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Linasema pia kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano kuliko mtu mzima. Inaathiri ubongo unaokua, na athari hizo hazirudishwi nyuma. Mtoto haonyeshi dalili mapema ukaiona kwa macho.

Hatari kubwa zaidi iko siku ya kukwangua. Ukipiga msasa mkavu, vumbi linasambaa chumba kizima, linakaa kwenye sakafu, kwenye nguo zako, unalipeleka nyumbani kwa watoto. Ukichoma rangi kwa moto, unavuta moshi wenye risasi.

Kwa hiyo: nje, mbali na watoto na kuku, mbali na bustani ya mboga. Turubai chini. Lowesha maji, kwangua ikiwa mbichi, tumia msasa wa maji. Barakoa inayozuia vumbi kweli, si kitambaa. Mabaki yote yafungwe kwenye mfuko, usiyachome wala kuyatupa kwenye shimo la mbolea kihambani. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Mjamzito asiwepo kabisa.

Ukitaka uhakika kabla ya kuanza, Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini pale Arusha. Waulize kuhusu kupima kipande cha rangi. Ukishindwa kupima, ichukulie kwamba ina risasi na fanya kama nilivyoandika.

#6 Mama Pacha wa Njiro

Nimefurahi sana kuona uzi huu, maana nina kitanda cha hadithi inayofanana.

Ni kitanda cha mtoto alichonunua baba mkwe hapa Arusha miaka ya 1970 kwa familia iliyokuwa inarudi kwao Ulaya. Kina hatua nne. Mtoto mchanga: kuta nne za fito, chaga ziko juu ili mama asiiname. Mtoto akianza kusimama unazishusha chaga chini. Akikua unaondoa ubavu mmoja, kinakuwa kitanda cha kawaida cha mtoto. Akikimaliza hicho, ubavu ule ulioondolewa unauingiza kwenye matundu ya nyuma, unakuwa egemeo, na umepata benchi. Mume wangu amelala humo, mashemeji zangu wamelala humo, na pacha wangu wamelala humo, mmoja kichwani mmoja miguuni hadi walipoanza kupigana mateke.

Ila tulikifanyia marekebisho kabla, na nayasema hapa kwa sababu watu wanapenda kusema "sisi wote tulilala humo na hatukufa". Umbali kati ya fito na fito. Marekani tangu miaka ya 1970 waliweka sheria usizidi inchi 2 na 3/8, yaani kama sentimita 6, kwa sababu mwili wa mtoto unapita pale miguu ikitangulia na kichwa kinakwama. Kipimo cha nyumbani ni kopo la soda. Kama kopo linapenya kati ya fito, mtoto asilale humo. Kwetu lilipenya bila hata kusukumwa. Tulimwita fundi wa Kijenge akaongeza fito katikati za mbao hiyo hiyo, ukitazama haraka hujui zipi za zamani.

Jambo la pili, nguzo za pembeni zilikuwa na vichwa vya mviringo vya kukereza, vizuri mno. Tulivikata. Nguo ya mtoto au khanga ikinasa pale wakati anajaribu kupanda, inamnyonga. Vichwa vyenyewe nimevihifadhi kwenye droo na vitarudishwa siku kitanda kitakapobaki benchi tu.

Godoro lishike pande zote. Vidole viwili vikiingia kati ya godoro na ubavu, hilo godoro ni dogo. Liwe gumu, mtoto alazwe chali, mito na midoli itoke.

Na wale mnaonunua vitanda vya mtumba vya watoto, vile ambavyo ubavu mmoja unateremka na kupanda kwenye reli, msinunue. Marekani walipiga marufuku kuvitengeneza na kuviuza kuanzia Juni 2011 baada ya watoto kufa, ubavu unaachia upande mmoja na mtoto anaingia kwenye mwanya. Nimeviona vikiuzwa mjini hapa mwaka huu huu.

#7 Kitinda Mimba

Mleta uzi, naomba nimtetee baba mdogo wako, maana mimi ni yeye kwenye ukoo wetu.

Watu mnakuja Desemba, mnakula, mnapiga picha, mnaondoka na kitu. Mwaka huu kinu, mwaka ujao kigoda cha bibi. Kila mmoja ana sababu nzuri. Aliyebaki kijijini anakaa kwenye nyumba tupu, na mgeni akija kuuliza babu yenu alikuwa seremala, hana hata kipande cha kumwonyesha. Tumepewa kutunza, tukitunza mnatuita wachoyo. Kiti kimezeeka, kimeshalea vizazi. Kipumzike sebuleni kwa heshima, wajukuu waje wakione. Mtoto wa Sakina anunuliwe kiti cha plastiki, vimejaa madukani, vina mikanda, vinaoshwa kwa maji.

Kuhusu mnunuzi wa mahoteli sisemi kitu. Hilo lisijadiliwe kabisa.

#8 Mjukuu wa Machame

Kaka, nimekuelewa na maneno yako yameniingia kuliko ya wote. Ni kweli wanaobaki nyumbani wanabeba mzigo ambao sisi wa mjini tunausahau. Sitamwita baba mdogo mchoyo, wala sijawahi.

Lakini naomba unisikilize na upande wangu. Kinu na kigoda vilitengenezwa vikae pale. Kiti hiki kilitengenezwa kwa ajili ya mtoto wa umri fulani, na umri huo unapita haraka. Miezi sita hadi miaka miwili na kidogo, basi. Babu alijua hivyo ndiyo maana akakipa magurudumu na kukifanya kinachokunjika, kiingie kwenye basi. Kiti kikikaa sebuleni wajukuu watakiona kimesimama. Hawatajua kinashuka. Mimi nilijua kinashuka kwa sababu niliona mama akikishusha, na ninajua mlio wa lile komeo. Ukikifunga kamba kwenye kona, kizazi kijacho kitasema ni kiti kirefu cha zamani, na ile akili yote ya babu ya kukunja miguu bila kung'ata kidole cha mtoto itapotea hata kama mbao ipo.

Kuhusu plastiki, sina ugomvi na anayenunua. Ila nani atarithi kile? Kikipasuka mguu hakuna fundi wa kukitengeneza.

#9 Msomaji wa Sanawari

Nichangie kidogo. Wazo la kiti kinachodumu na mtoto halijafa huko nje. Mwaka 1972 Mnorwe Peter Opsvik alibuni kiti kiitwacho Tripp Trapp kwa kampuni ya Stokke. Ubao wa kukalia na ubao wa miguu vinaingia kwenye mifereji iliyochongwa kwenye miguu miwili ya pembeni, unavipandisha na kuvishusha mtoto anavyokua, hadi mtu mzima anakikalia. Bado kinatengenezwa hadi leo. Mimi nilikipata hapa Arusha kwa familia iliyokuwa inahama, na mwanangu wa darasa la nne anafanyia kazi za shule akiwa amekikalia.

Nataja hili kwa sababu ukilinganisha, kiti cha babu kina kitu ambacho hiki hakina, kutembea. Na hiki kina kitu ambacho cha babu hakina, hakuna kiungo kinachoweza kuachia mtoto akiwa juu. Hapo ndipo ningeweka nguvu zote za matengenezo.

#10 Seremala wa Pasua

Huyu wa Sanawari amegusa penyewe. Nirudi kwenye komeo.

Viti hivi vya kukunja vina udhaifu mmoja. Uzito wote mtoto akiwa juu unategemea komeo moja. Mtoto akijirusha nyuma, na wanajirusha, komeo lililolika linateleza. Nifanyie hivi: weka komeo jipya mahali pa lile la babu lililolika, lifanye kazi ile ile. Ongeza pini mbili za chuma, moja kila upande, zinazopita kwenye mguu na kwenye fremu, nene kama kidole cha mwisho cha mtoto, zenye mnyororo mfupi ili zisipotee. Kiti hakiwezi kushuka mpaka pini zote mbili zitolewe kwa makusudi. Matundu utoboe kwa keekee polepole, si kwa drili ya umeme ya kasi, mringaringa wa zamani ukiwa mkavu unachanika ukingoni.

Mkanda uwe wa pointi tano kama wa kiti cha mtoto cha garini, au angalau wa kiunoni wenye kipande kinachopita katikati ya miguu. Babu aliuchimba ubao kuzuia kuteleza, hilo ni jema, lakini halitoshi. Mkanda ufungwe kwenye fremu, usifungwe kwenye kibao cha mbele, maana kibao kinasogea.

Pale miguu inapokunjika, tazama mahali ambapo mbao mbili zinakutana kama mkasi. Kama kidole cha mtoto kinaingia, acha nafasi pana au ziba kabisa. Umesema babu aliliwaza hilo, lakini mbao imesinyaa tangu wakati ule, kipime upya.

Baada ya kutoa rangi kwa njia aliyosema muuguzi, usipake tena rangi. Mafuta ya kitani na nta ya nyuki inatosha, mringaringa ni aibu kuufunika. Hakikisha mafuta ni ya kitani matupu, hayana vikaushio vya kemikali, na yapewe wiki kadhaa kukauka kabla mtoto hajakigusa. Vitambaa ulivyopakia usivikunje na kuviacha kwenye kona, vinajichemsha vyenyewe na kuwaka moto. Vitandaze nje hadi vikauke.

#11 Mama Pacha wa Njiro

Fundi, umenifundisha hilo la vitambaa, sikulijua. Mungu akuongezee miaka.

#12 Mwananyamala kwa Sasa

Wakuu mimi naona mnazunguka. Mnunuzi ana hela. Uzeni, mgawane, kila mmoja ajenge kumbukumbu yake. Mbao ni mbao.

#13 Mjukuu wa Machame

Mkuu, sijakasirika. Ila pesa ile ingegawanywa kwa watu wengi sana, ingekwisha kabla ya sikukuu kwisha, na kiti kingekuwa kwenye ukumbi wa hoteli kikiwa kimewekewa maua juu ya kibao cha mbele. Sitaki.

Sasa niwape mrejesho, maana nilipanda Machame kama nilivyoahidi.

Gundi ni ya wanyama. Nililowesha kiungo cha chini ya kikalio kama fundi alivyosema, ikalainika, ikatoa harufu yake. Kiungo kilifunguka kizima. Ndani ya tundu kuna alama za patasi ya babu, safi kabisa. Ulimi ameuacha mnene upande mmoja kidogo, na tundu amelichonga lifuate unene huo, ili fundi mwingine asije akauingiza kinyume. Nilikaa nao mkononi muda mrefu.

Baba mdogo alikuja kutazama. Nilikuwa nimejiandaa na hoja zangu zote za hapa. Sikuzitumia nyingi. Alichukua kile kipande, akasema mzee alimfundisha kuchonga tundu akiwa mtoto na yeye hajamfundisha mtu. Tukaongea hadi giza.

Tumekubaliana hivi. Kiti kitakwenda Sakina kikishatengenezwa, naye mama mtoto ameambiwa masharti: pini zote mbili, mkanda kila mara, na mtoto haachwi peke yake kikiwa juu. Kabla hakijaondoka, kila kipande kitawekwa kwenye karatasi na kuchorwa kwa ukubwa wake halisi, na mchoro unabaki nyumbani kwa baba mdogo. Na yeye anataka kutengeneza cha pili, kwa mbao ya hapo hapo, kikae sebuleni kikishuka na kupanda mbele ya kila mgeni atakayeuliza. Hilo ni wazo lake, si langu.

Kuna mringaringa mkavu ulioanguka upande wa mfereji. Fundi, naomba unijulishe kama mti ulioanguka wenyewe unafaa, na unakaushwa muda gani.

#14 Kitinda Mimba

Hapo mmefanya vizuri. Mfikishie baba mdogo salamu zangu.

#15 Seremala wa Pasua

Unafaa kama haujalala chini masika mbili. Piga ncha kwa nyundo usikilize, sauti kavu ni nzuri, sauti ya godoro achana nao. Tafuta mashimo madogo yenye unga, hayo ni ya wadudu, ukiyaona mengi usiulete karibu na kiti cha zamani. Kabla ya kupasua nenda ofisi ya kijiji uulize kibali, hata kama mti ni wa kihambani na umeanguka wenyewe, ili usikutane na maswali barabarani ukiwa na mbao kwenye pikapu.

Pasua mbao za inchi moja na robo upate inchi moja safi baada ya randa. Zipange kivulini, vijiti katikati ya kila mbao hewa ipite, ncha zake zipake rangi au nta zisipasuke. Kanuni ya wazee ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Baba mdogo asiharakishe. Magurudumu akikosa loliondo aniulize, nina vipande vimebaki benchini.

Mchoro ukiwa tayari, uweke na vipimo vya bawaba: umbali kutoka katikati ya tundu moja hadi jingine, kwa kila mguu. Hivyo ndivyo vinavyoamua kiti kishuke sawa au kiegemee upande. Na kiti cha zamani kilete kwangu Pasua, Moshi, kabla mvua hazijaanza. Vijana wangu watatoboa matundu ya pini, mimi nitasimama pale.

#16 Mjukuu wa Machame

Nakuja nacho Jumamosi asubuhi, mzee wangu, pamoja na baba mdogo. Amesema anataka kuishika keekee yeye mwenyewe.